Siku Viti Vyote Vilipotoka

Mume wangu ana viti mia tatu na ishirini, na sisi nyumbani tunakalia mkeka. Nimemwomba miaka nenda miaka rudi anitolee hata vinne vya sebuleni, naye hunijibu vilevile bila kuinua macho: "Vikianza kukaa ndani havitarudi kazini." Basi wageni wetu huvua viatu wakajikunja chini, nami nimezoea. Mtaani wanamwita Bwana Viti. Ni mrefu, mwembamba, bega la kushoto limeinama kidogo kwa kubeba, na maneno yake ni machache mno. Mungu aligawa maneno ya watu wawili kwenye nyumba hii, yote yakaniangukia mimi.

Kazi yake ndiyo hiyo: viti vyeupe vya plastiki, maturubai manne, na mkokoteni wa magurudumu mawili. Harusi, msiba, kikao cha shule, mkutano wa siasa, wote wanamjia yeye. Anavipanga mwenyewe na hataki msaidizi, maana anasema kila shughuli ina mpango wake. Viti vya harusi vinatazama mbele na katikati panaachwa njia ya maharusi. Vya mkutano wa siasa vinabanana, ili watu wachache waonekane wengi. Vya msiba vinatazamana, ili mtu akilia asilie peke yake. Sisi wa mtaa huu tukiviona kwa mbali, bila kuuliza tunajua kama tunakwenda kucheka au kulia.

Siasa anaijua kwa viti. Gazeti hasomi, redio anasikiliza mpira tu. Lakini jioni moja anaosha, akaniambia, "Zamani vilikuwa vinarudi vimevunjika miguu. Watu walipanda juu kumwona mgombea." Akasugua kimoja, akakigeuza. "Halafu vikawa vinarudi na maganda ya karanga. Watu wanakaa, wanakula walichopewa, wanaondoka." Akakiweka juu ya vingine. "Siku hizi vinarudi na vumbi lilelile nililotoka nalo ghalani." Nimewasikia wataalamu kwenye redio wakichukua saa nzima kusema jambo hilohilo na wasieleweke.

Lakini kupiga kura, ng'o. Miaka thelathini na saba ya ndoa sikuwahi kumwona na wino kidoleni. "Mteja akiuona ataanza kujiuliza nimemchagua nani," alikuwa akisema. "Kiti hakina chama." Jumamosi viti vinakwenda kwa hawa, Jumapili vinakwenda kwa wale, na wote anawaitikia "ndiyo, mheshimiwa." Nilimwambia waziwazi kwamba anawaogopa. Akasema, "Siwaogopi, nawahudumia." Nikamwambia hata mbuzi humhudumia mchinjaji.

Mimi sasa, mimi nilikuwa mtu wa siasa haswa. Nilikuwa katibu wa kina mama wa tawi letu. Chama sitakitaja, hakistahili. Siku ya kura nilikuwa kwenye foleni jua halijatoka, na stuli yangu ya cherehani kichwani, kwa sababu mimi ni fundi nguo na stuli ile haikuwa na kazi siku hiyo. Sare za kina mama wote nilizishona mimi. Viti vikirudi kutoka mkutano wa wapinzani wetu, sikuvigusa. Mume wangu aliviosha mwenyewe, vya wale na vya kwetu, ndoo moja, kitambaa kimoja, na mimi namtazama dirishani nimenuna nikijiuliza huyu mwanamume nilimpendea nini.

Nilijua nilimpendea nini. Hapa niseme jambo ambalo silisemi hovyo. Kabla ya binti yetu tulikuwa na mtoto wa kwanza. Wakati huo zahanati ya mtaa wetu ilikuwa chumba kimoja cha sindano na vidonge, haina wodi ya wazazi. Uchungu ulinishika saa nane mchana, na hospitali kuu iko upande wa pili wa mji. Gari halikupatikana. Mume wangu aliteremsha viti vyote kutoka kwenye mkokoteni, akatandika godoro letu, akanilaza, akasukuma. Alisukuma karibu saa mbili kwenye jua. Njia nzima nasikia pumzi yake tu juu ya kichwa changu. Mtoto alizaliwa hatujafika getini, na hakulia. Alikuwa wa kiume.

Baada ya hapo ndipo nilipoingia siasa. Nilikuta kina mama wengine wana kisa kama changu au kinachokaribia, tukaungana. Miaka minne tulidai wodi. Tuliandika barua, tukakaa kwenye baraza za ofisi mpaka walinzi wakatujua kwa sauti, tukapiga kura, tukahakikisha na waume zetu wamepiga, isipokuwa wangu. Ikajengwa. Vitanda sita, taa, maji ya bomba, wakunga wawili. Binti yetu alizaliwa humo. Na miaka minne iliyopita naye akajifungulia humo watoto wawili kwa mpigo, ndiyo maana siku hizi anaitwa Mama Pacha. Mtu akiniuliza siasa imenipa nini, namwonyesha kwa kidole lile paa la bati la zahanati. Kingine sina.

Kwa maana chama kilishinda, kikashinda tena, kikanenepa. Diwani ambaye nilimshonea suti yake ya kwanza ya kampeni, siku niliyomfuata kumwambia wakunga hawana glovu, karani wake aliniuliza, "Samahani mama, wewe ni nani?" Nilirudi nyumbani, nikaikata sare yangu ya chama vipande vinne, nikaanza kushikia sufuria. Inashika vizuri, haki ya Mungu. Tangu siku hiyo miaka kumi sikwenda kupiga kura. Mume wangu hakunicheka. Afadhali angenicheka, tungegombana kidogo yakaisha.

Huyo Mama Pacha naye ni kizazi kingine. Anauza simu katika duka la tajiri mmoja, na siasa yake iko humohumo ndani ya simu. Lipo kundi la mtaa, watu mia nne na ushee, wanaanza kulaumu baraza la mji kabla hawajapiga mswaki. Matusi, vikaragosi, ngumi hewani. Ukiwaita kikao cha taka wanakuja saba, na wawili kati yao wamepotea njia. Nimemwambia binti yangu kwamba sisi tulikuwa tunasimama juani. Akanijibu, "Na jua lenyewe lilikupa nini, mama?" Nikamwambia anipe hao pacha niwaogeshe.

Sasa. Ijumaa moja mzee wangu alirudi kutoka ghalani akala nusu ya chakula, akasukuma sahani. Kimya chake nakijua aina zote: cha njaa, cha uchovu, cha kiuno. Hiki kilikuwa kigeni. Nikamuuliza ana nini, akasema hana kitu. Nikamuuliza tena, akasema mteja ni mteja. Hapo nikajua kuna oda imemkaa rohoni, na nikajua hatasema, maana tangu anioe hajawahi kunitajia nani kaagiza nini. Anasema watu wakijua anaropoka, hakuna atakayemwita kwenye msiba wake.

Lakini nguo zake nafua mimi. Jumamosi asubuhi nikatoa mfukoni mwa suruali yake kikaratasi chenye muhuri wa baraza la mji. Kiliandikwa: Viti 20. Jumanne saa nne asubuhi. Ukumbi wa zahanati. Kikao cha maoni ya wananchi kuhusu kufunga wodi ya wazazi na kuhamishia huduma hospitali kuu.

Nilikaa chini palepale kwenye maji ya sabuni. Nimewahi kuwa katibu, sheria ile naijua usingizini. Pingamizi la wananchi haliandikwi mpaka wahudhurie wakazi hamsini na watie saini. Wakipungua hamsini, baraza linaandika kwamba wananchi hawakuwa na pingamizi, na kazi inaendelea. Tangazo bila shaka lilibandikwa, kwenye ubao wa baraza la mji, ambako mtu haendi ila ana kesi ya kiwanja. Na siku ni Jumanne, saa ambayo kila mtu yuko kazini. Viti ishirini, mtaa mzima. Walijua ni wangapi watakuja, kwa kuwa wao wenyewe walihakikisha hawaji. Na mume wangu aliisoma hiyo ishirini akaelewa yote, hakuhitaji maelezo.

Nikamfuata ghalani na kikaratasi kimelowa. "Utavipeleka?"

"Wameagiza."

"Wewe uliyenisukuma kwenye mkokoteni huo, utawapelekea viti vya kuifungia wodi?"

Akatazama mikono yake. Nikamwambia mficha uchi hazai, atoke aseme kwa watu. Akanijibu taratibu, "Mimi si msemaji. Msemaji ni wewe. Sema wewe." Na mimi, naona haya kulisimulia hili, nikamjibu, "Mimi nimemaliza zamu yangu. Walinifanya mjinga mara moja, inatosha." Nikarudi kwenye karai langu nikafua nguo zile kwa hasira mpaka kifungo cha shati lake kikang'oka.

Mama Pacha alipopata habari akaiweka kwenye kundi. Ndani ya saa moja kulikuwa na vidole gumba arobaini na kimoja, sura za kulia, mtu ameandika "tupo pamoja sana," mwingine anauliza nani ana friji iliyotumika. Halafu mpira ukaanza, habari ya wodi ikazama chini. Kufika Jumatatu jioni walioahidi kuja walikuwa watatu, mmoja wao Mama Pacha mwenyewe, ambaye alijua fika kwamba tajiri yake hatamruhusu.

Jumanne mzee wangu aliondoka mapema, hakunywa hata chai. Sikumuuliza. Nilikuwa bado nimenuna, na kununa kwangu kukishika huwa ni kwa wiki. Nikakaa barazani kwenye cherehani yangu. Kama saa tatu hivi jirani yangu Mama Mkaa, tunamwita hivyo kwa biashara yake, akaja amejitanda nguo kichwani, uso umesawajika. Akanishika mkono.

"Pole, jirani."

"Pole ya nini?"

"Viti vimetoka. Vyote. Viko mbele ya zahanati, vinatazamana. Nilijua wewe ndiye utakayeniambia ni nani."

Niliinuka nikafungua mlango wa ghala. Tupu. Sakafu imefagiliwa. Miaka yote hiyo sikuwahi kuona ukuta wa nyuma wa ghala lile. Sasa jamani, akili ya mtu aliyeshtuka haina mpangilio. Vilipangwa na mume wangu, na maiti hapangi viti, hilo hata mtoto angelijua. Mimi sikulijua. Nilichojua ni kwamba kuna msiba mkubwa kuliko yote, kwamba aliondoka bila chai, na kwamba maneno ya mwisho niliyomwambia yalikuwa ya ukali. Nilikimbia na kandambili moja, futi ya kupimia nguo inaning'inia shingoni.

Nikamkuta anafuta vumbi kiti cha pembeni. Nilitaka kumkumbatia na kumpiga, vyote kwa pamoja. Nikaishia kumrekebisha kola ya shati. Akanitazama miguuni, akauliza kandambili nyingine iko wapi.

Viti vilianza mlangoni mwa ukumbi, vikashuka ngazi, vikafuata ukuta wa zahanati mpaka barabarani, mistari miwili miwili inatazamana, maturubai yote manne juu. Na watu wanakuja. Kinyozi alikuja na aproni yake. Fundi baiskeli alikuja na mikono ya grisi. Mwalimu mstaafu alikuja amevaa koti, kina mama wamekuja na chupa za chai. Kila mmoja anampa mkono mume wangu kwa huzuni na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Nani ametutoka?" Naye anajibu, "Kaeni kwanza. Mtaambiwa." Nani asiyejua jibu hilo? Ndilo tunaloambiwa siku zote tukifika msibani. Basi wakakaa, wakainamisha vichwa. Hata lile kundi la simu liliamka, mtu kaandika tu kwamba viti vyote vimetoka, na watu wakaanza kuomba ruhusa kazini. Kwa kikao hakuna tajiri anayekuruhusu. Kwa msiba anakuruhusu mwenyewe na kukupa pole juu yake. Nilimwona Mama Pacha anashuka kwenye pikipiki mbio, macho mekundu, anamtafuta baba yake kama nilivyomtafuta mimi.

Nikamvuta mzee wangu pembeni. "Umewadanganya watu."

"Nimesema nini cha uongo?"

Nikafikiri. Hakusema kitu cha uongo. "Umevipanga vya msiba."

"Nimevipanga watu waonane," akasema, akaendelea kufuta. Mpaka leo hajaniongezea neno juu ya hapo, na nimejaribu kila mlango.

Saa nne kamili akafika ofisa wa baraza la mji, kijana nadhifu, jalada kwapani, na karani mmoja nyuma yake. Alisimama ghafla hata karani akamgonga mgongoni. Akatazama mistari ile yote, akamwendea mume wangu.

"Mzee, mimi niliagiza viti ishirini."

"Ishirini vyako viko ndani, mbele kabisa. Hivi ni vyangu."

"Na hawa watu?"

"Wakazi."

Yule kijana hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alitumwa. Akafungua jalada, akasoma kwa sauti kikao ni cha nini. Kadiri alivyosoma ndivyo vichwa vilivyoinuka. Watu wakatazamana. Kinyozi akasimama. "Samahani. Ina maana hakuna aliyekufa?" Ofisa akasema kwa taarifa alizonazo, hapana. "Mimi nimemwacha mteja nusu kichwa," akasema kinyozi, na watu wakacheka, lakini kilikuwa kicheko cha hasira. Mtu wa nyuma akasema wamechezewa. Mwingine akasema tajiri wake atamfukuza akijua. Wakaanza kuinuka, wawili, watano, mstari mzima. Nilikuwa nahesabu kwa macho waliobaki wamekaa, na hesabu inashuka. Ofisa alikuwa ametoa kalamu yake. Hakuhitaji kufanya lolote, ila kungoja kidogo tu.

Mume wangu akaingia katikati ya mistari miwili, kitambaa cha kufutia bado mkononi. Huyu ni mtu ambaye hata siku ya harusi yetu shukrani alimwachia kaka yake azitoe. Akasema, "Kaeni." Hakuna aliyemsikia. Akasema tena. Kisha akasema yaliyobaki kwa sauti ileile anayohesabia viti.

"Mtoto wangu wa kwanza alifia njiani. Hapa hapakuwa na wodi. Mama yake nilimsukuma kwa mkokoteni ule pale, mnaujua nyote. Angekuwa na miaka thelathini na sita." Nikadhani ameishia hapo. "Tulimzika watu watatu. Sikumwekea viti. Misiba yenu yote nimeiwekea viti, wa kwangu sikumwekea, kwa sababu walisema aliyezaliwa hivyo hawekewi. Leo nimemwekea. Wodi ikifungwa watakuja wengine kama yeye. Anayetaka kuondoka aondoke, simlaumu. Lakini atie saini kwanza."

Miaka thelathini na sita sikuwahi kumsikia akimtaja mtoto yule. Nilidhani alimsahau. Nilidhani wanaume ndivyo walivyo, wanafukia na kuendelea, na nilimwekea kinyongo kwa hilo, kimya kimya, hata siku nilizokuwa namcheka na kumtania. Kumbe alikuwa akimhesabia miaka. Nilimdhulumu mume wangu, na ninalisema hili mbele ya yeyote anayetaka kulisikia.

Kinyozi alikaa wa kwanza. Kisha Mama Mkaa, kisha mstari mzima ukashuka, na waliokuwa wamefika barabarani wakarudi. Karani akaweka karatasi ya mahudhurio mezani, na watu wote wakaikimbilia kwa pamoja, meza ikapinda. Hapo damu yangu ya ukatibu ikachemka yenyewe, sikuiomba ruhusa. Nikamnyang'anya karani kalamu. "Leta hapa, mwanangu. Mstari wa nyuma ukae, wa mbele uje. Jina, nyumba, saini. Asiyejua kuandika aje na dole gumba, wino upo." Nilikuwa na kandambili moja na futi shingoni, na wakanitii kama zamani.

Walitia saini watu mia moja tisini na saba. Karatasi ziliisha, muuguzi akatuletea kadi za zahanati tukaandika mgongoni. Halafu wakasema. Mkunga alisema, mwalimu mstaafu alisema kwa takwimu, Mama Pacha alisema huku amewabeba pacha, mmoja kila mkono, sijui alimtuma nani kuwaleta. Kinyozi alisema kuliko wote. Katikati ya maneno yake yule mteja wake alitokea, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, akasimama nyuma ya mistari amekunja mikono akisikiliza, kisha akaja mezani kwangu akatia saini. Ofisa aliandika kila kitu. Saa sita alifunga jalada, akampa mume wangu mkono, akaondoka bila kugusa vile viti vyake ishirini.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Wodi itaendelea kutoa huduma mpaka hapo itakapoamuliwa vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho nayajua, maana yake watarudi. Ndiyo maana siku hizi kila Jumatatu naenda kuusoma ubao wa baraza la mji, na mlinzi amenizoea mpaka ananitunzia kivuli. Naandika yaliyomo, Mama Pacha anayaweka kwenye kundi. Vikao vya taka sasa wanakuja ishirini, wakati mwingine thelathini. Si haba.

Barua ya pili ilikuja siku moja na ya kwanza. Baraza la mji linamshukuru mume wangu kwa huduma zake na litatafuta viti kwingine. Vyama navyo vikaanza kusitasita, kumbe mzee ana upande, walisema. Alizisoma barua zote mbili, akazikunja pamoja, akaniomba nimwongezee chai. Alijua tangu Ijumaa ile alipoacha chakula. Mimi ndiye niliyelia, yeye akasema harusi na misiba vinatosha kumlisha mtu mmoja mwembamba na mke wake.

Mwezi uliopita wakafungua uandikishaji wa wapiga kura, pale shuleni. Asubuhi nikamsikia anauliza kitambulisho chake kiko wapi. Alipiga pasi shati mwenyewe, akalichoma kidogo kwenye mkono. Nikamwambia nitamsindikiza tu, mimi sina shida huko. Tulisimama kwenye foleni karibu saa moja, yeye mbele, mimi nyuma yake natazama lile bega lililoinama.

Karani wa uandikishaji alikuwa binti mdogo, rika la Mama Pacha. Akatafuta, akatafuta tena. "Babu, hujawahi kujiandikisha? Una miaka sitini na minne."

"Sijawahi."

"Sasa leo imekuwaje?"

Mume wangu akafikiri, kama anavyofikiri kila kitu, mpaka watu wa nyuma wakaanza kukohoa. Kisha akanionyesha kwa kidevu.

"Mke wangu ameubeba mzigo huu peke yake muda mrefu," akasema. "Nimekuja kumpokea."

Niliinamia mkoba wangu nikajifanya natafuta kitu, na machozi yanaingia humohumo mkobani. Yule binti akanisubiri. Alipoona sijainuka akauliza kwa upole, "Na wewe bibi, nikusaidie nini?" Nikamwambia aangalie kama jina langu bado limo.